Kwa Nini Nell Alitolewa

Nechells, Birmingham
Jumamosi jioni

Wakesho mwanangu,

Barua hii utasafiri nayo kesho lakini hutaweza kuisoma. Naiweka chini kabisa ya sanduku, ndani ya bahasha iliyofungwa, na nimemwandikia nyanya yako asikusomee. Akuwekee. Siku utakapokuwa umekijua Kiswahili kiasi cha kuisoma mwenyewe, ndipo akupe. Pengine itakuwa mwakani, pengine utakuwa msichana mrefu kunishinda.

Mambo ya soksi, dawa ya kikohozi na kutokunywa maji ya mtoni nimeyasema mpaka umeziba masikio. Anti Malemba, utakayekaa naye ndani ya ndege, anayajua yote, na akifika Taita atayarudia kwa nyanya yako neno kwa neno. Mimi nataka kujibu swali moja tu, lile uliloniuliza juzi tulipokuwa tunakunja mashuka.

Uliuliza kwa Kiingereza, macho yako yakiwa kwenye shuka: "Mama, nilikosa nini? Mimi ni kama Tinka au kama Rani?"

Nikacheka. Nikasema usilete upuuzi, shika ncha ile. Ukashika. Tukakunja mashuka yote yaliyobaki na hukuuliza tena. Usiku ule nilikuwa zamuni, nampima mgonjwa mmoja homa, ndipo swali lako likanifikia. Nilisimama na kile kipimo mkononi mpaka yule mama akaniuliza kama anakufa.

Mtu asiyetujua hawezi kulielewa swali hilo, na huenda hata wewe utakapoisoma barua hii utakuwa umewasahau mbwa. Kwa hiyo nianzie kwa Bwana Dawkins.

Baba yako aliturudishia ufunguo wa nyumba wewe ukiwa na miaka miwili, akaenda Mombasa, akaanza nyumba nyingine. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimesoma shule nzuri, nimeshinda zawadi za insha, na sikujua mtu hata mmoja katika mtaa huu ambaye ningeweza kumwambia habari hiyo. Wodini walinipa zamu za usiku. Mwanamke niliyekuwa nakuacha kwake alikuwa anakufungia chumbani ukilia. Siku nilipogundua, nilirudi nawe mgongoni, nikakaa kwenye ngazi ya uani, nikashindwa kuingia ndani. Bwana Dawkins alitoka kwenye kile chumba cha kufulia nguo anachofugia mbwa. Alikuwa mzee mjane, amestaafu kazi ya kuyeyusha chuma, mikono ina makovu mpaka viwikoni. Tulikuwa tumeishi uani pamoja mwaka mzima bila kuzungumza zaidi ya habari za mvua.

"Huyo mtoto anapenda mbwa, bab?" akaniuliza. Ndivyo watu wa hapa wanavyomwita mtu kwa upole, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo.

"Sijui," nikasema.

"Mlete tuone."

Toka siku hiyo ulilala kwake kila nilipokuwa na zamu, kwenye kochi, mbwa miguuni. Nikirudi asubuhi nilikukuta unanuka mbwa na nyama ya sungura. Wauguzi wenzangu walisema nimechanganyikiwa, kumwachia mtoto wangu mzee wa kizungu na mbwa wake. Mimi nililala mchana kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Mbwa wake walikuwa lacha. Lacha si kabila la mbwa. Ni mtoto wa mbwa wa mbio na mbwa wa kazi, amezalishwa hivyo makusudi ili apate miguu ya mmoja na kichwa cha mwingine. Huyo wa mbio karibu daima ni greihaundi. Kinachobishaniwa ni huyo mwingine awe nani, na watu wanaofuga mbwa hawa wanaweza kubishana jambo hilo mpaka chai inapoa na wake zao wanakwenda kulala. Mimi nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa na njaa ya mazungumzo yoyote, na hayo ndiyo yaliyokuwepo. Nikayajifunza kama nilivyojifunza mifupa ya mwili.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Bwana Gurdial, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, fundi wa mabasi, ambaye alinisikia siku moja nikikusemesha, akasimama katikati ya barabara akasema, "Mama, hiyo lugha umeitoa wapi? Mimi nilidhani nimeiacha bandarini!" Nililia, mbele ya kituo cha basi, na yeye akajifanya anakagua tairi. Rani alikuwa mbwa wake. Nusu greihaundi, nusu saluki, yule mbwa wa Waarabu wa jangwani, miguu mirefu, nywele ndefu masikioni. Hakuna mbwa mzuri kama Rani niliyewahi kumwona. Angeweza kukimbia asubuhi nzima. Greihaundi mtupu humaliza nguvu zake haraka, kisha anasimama anahema kama mzee aliyepanda ngazi. Rani alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunapanda basi mpaka mwisho wa mji, mbwa chini ya viti, kisha tunatembea mpaka kwenye shamba la yule mkulima aliyempa Bwana Dawkins ruhusa ya kuwinda. Unaikumbuka siku ya shamba lililolimwa? Sungura mkubwa wa porini alichomoka kwenye matuta, karibu na viatu vyako. Wazee wote wawili wakawaachia mbwa. Rani alimgeuza yule sungura mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, anapendeza mpaka unasahau kwamba kuna kiumbe anakimbia kuokoa roho yake. Nell wa Bwana Dawkins alikimbia kidogo, akapunguza mwendo, akaenda zake pembeni. Akajikunyata penye pengo la ua wa miiba.

Bwana Gurdial akashika kiuno. "Mama Wakesho! Mwambie mzee mbwa wake ni karani. Anangoja faili imfikie mezani!"

Nikatafsiri. Bwana Dawkins hakuondoa macho shambani. "Mwambie mbio hata basi lake linazo. Mimi nataka nyama."

Sungura akaelekea kwenye lile pengo. Nell akamchukua hapo hapo, bila kelele. Rani alipita kando yao akaendelea kukimbia, hakuna anachokifukuza, mpaka akawa alama ndogo upande wa pili wa bonde. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Alirudi saa ya chai, amefurahi, nyayo zinatoka damu.

"Mwarabu huyo," Bwana Gurdial akasema. "Anataka jangwa."

Mwaka uliofuata akampeleka kwa binamu yake mashariki ya nchi hii, kwenye mashamba tambarare yasiyo na ua wala barabara. Wewe ukauliza kwa nini, na mimi ndiye niliyekujibu. Nilisema: kwa sababu haji akiitwa.

Kisha Tinka. Mama yake wipeti, yule greihaundi mdogo, baba yake teria wa Bedlington, mbwa mdogo wa kufukua mashimo, na Tinka mwenyewe ana manyoya ya kujisokota kama mwanakondoo mchafu. Bwana Dawkins alimchukua kwa sababu ya manyoya hayo. Greihaundi ngozi yake ni karatasi, seng'enge ikimgusa inafumuka, lakini Tinka aliingia kwenye miiba kifua mbele akatoka anacheka. Jasiri, mwepesi, hali sana. Angefaa. Ila alipomwona sungura alibweka, akakimbia huku anabweka, na kila kiumbe katika mashamba matatu kikaingia shimoni. Bwana Dawkins alijaribu kila njia. Tinka hakuweza kuizuia furaha isitoke mdomoni. Akapewa mwanamke mwenye duka la peremende. Ulilia, na Bwana Dawkins akachuchumaa mbele yako, akakueleza kwa heshima kama anavyomweleza mtu mzima: "Hawezi kunyamaza, bab. Asiyenyamaza hafai kwa kazi."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo mimi mwenye macho sikuona.

Baada ya Rani kuondoka ulianza kuja mbio nikikuita mara moja. Zamani nilikuwa naita mpaka majirani wanafungua madirisha. Nikajisifu wodini kwamba mwanangu amekuwa mtiifu. Baada ya Tinka kuondoka uliacha kuimba asubuhi. Ulikuwa unaimba ukivaa viatu, ukila, ukiwa chooni, mpaka Bwana Dawkins anagonga ukuta. Ukanyamaza, nami nikafikiri mtoto anakua, anajua mama amechoka, anataka kulala. Nikakushukuru. Nilikushukuru, Wakesho, nikakupa biskuti.

Ulikuwa unafanya kazi. Ulikuwa unajitahidi usitolewe.

Na juzi, baada ya miaka yote hiyo ya kuja ukiitwa na kunyamaza, unaona sanduku limefunguliwa kitandani. Ndiyo maana uliuliza umekosa nini. Ulikuwa umehesabu makosa yote unayoyajua, na hakuna hata moja uliloliona kwako.

Hukumtaja Nell, na kosa ni langu.

Nell alikuwa greihaundi kwa robo tatu na koli kwa robo, koli yule anayechunga kondoo. Bwana Dawkins aliamini hiyo ndiyo hesabu ya haki: ukizidisha koli unapata mwalimu, ukimpunguza unapata mpumbavu mwenye mbio. Nell hakuwa na kasi ya Rani wala kifua cha Tinka. Nyayo zake zilikuwa ngumu, manyoya yake yalimtosha, na alipita katikati ya kondoo kama mtu anayepita katikati ya waumini waliopiga magoti. Zaidi ya yote alikuwa analeta. Alimbeba sungura akiwa hai, hajakwaruzwa, akamweka mkononi mwa mzee.

Mimi nilikaribia kumharibu. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Bwana Dawkins alikuwa na mafua nikawapeleka mbwa mwenyewe, wewe begani. Nell alikuwa hajatimiza hata mwaka. Akakamata sungura wake wa kwanza, akaja naye taratibu, kichwa juu. Sungura alikuwa analia. Sikujua sungura wanalia. Kilio kile kilinipanda kichwani, nikamkimbilia Nell nikipiga kelele, nikamnyang'anya. Sungura akanitoroka. Nell akanitazama.

Toka siku hiyo akawa anakamata, anakuja, kisha hatua kumi kutoka kwetu anaweka chini na kurudi nyuma. Bwana Dawkins alinitukana kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Ulimwendea! Mbwa anakuletea kitu chake, wewe unamwendea kama mwizi!" Msimu mzima wa baridi tulipiga magoti matopeni, nyuso tumezigeuza pembeni, mikono wazi mapajani, tunasubiri. Alirudi kidogo kidogo. Mwishoni mwa msimu akaweka sungura mkononi mwangu, nami sikuthubutu hata kuvifunga vidole.

Na wewe nilikufanyia vile vile, ila kwako sikujifunza. Ulikuwa na Kiswahili. Ulikuwa na maneno yako madogo, unaniletea mlangoni nikirudi kazini, kila moja limebebwa kwa uangalifu. Nami kwa upweke wangu niliyarukia. Nikalikamata kila neno, nikalinyoosha, nikakwambia sema tena, sema vizuri, sema lote. Nilitaka mtu wa kuzungumza naye ndani ya nyumba hii, na mtu huyo nilimtaka haraka. Ukaanza kuyaweka mbali nami. Nikikusemesha unaelewa kila kitu, na unanijibu kwa Kiingereza. Bwana Gurdial ana watoto watano wanaomfanyia hivyo kwa Kipunjabi, na anacheka tu. Mimi sikuweza kucheka.

Sasa kuhusu Nell. Watu wa manispaa walipokuja kutwambia kwamba mtaa huu utabomolewa wote, wakampa Bwana Dawkins chumba katika ghorofa la wazee, mbwa hawaruhusiwi, wala mtoto kulala. Sisi tumepewa ghorofa ya tisa, mlango mwekundu, bafu ndani, na hakuna mtu katika jengo zima ninayeweza kukuachia usiku. Bwana Dawkins alizunguka wiki nyingi akitafuta nyumba yenye uwanja ambayo mzee anaweza kuilipia. Mwishoni mwa majira ya baridi akampeleka Nell kwa yule mkulima. Alirudi kwa miguu, hakupanda basi. Alikaa jikoni kwetu na kofia kichwani, na wewe ulikuwa shule. Akasema, "Mwambie mtoto wewe, bab. Mimi siwezi."

Nikakwambia Nell ameazimwa. Nikasema mkulima anamhitaji wakati kondoo wanazaa, atarudi. Ulikubali mara moja. Mwezi wa tano uliuliza kama kondoo wamemaliza kuzaa. Nikasema bado.

Kwa hiyo katika hesabu yako Nell hajatolewa. Nell, ambaye hakuwa na kosa, yupo kazini na atarudi. Waliotolewa ni wale wenye makosa tu. Uongo wangu ndio uliokuharibia hesabu.

Nilimwendea Nell Jumapili iliyopita, nilipokwambia nakwenda kununua sanduku. Sanduku nilikuwa nimeshalinunua Ijumaa. Nilishuka mwisho wa mji nikatembea peke yangu. Alikuwa kwenye geti la malisho na mkulima. Aliponiona alikuja, hakukimbia, akaweka kichwa chake kwenye paja langu, akakiacha hapo. Nilimsemesha maneno mengi ya kijinga. Kisha mkulima akapiga mluzi mdogo tu, hata hakuwa ananuia kumwita, nadhani. Nell akatoa kichwa chake taratibu, akarudi kwake, akakaa karibu na buti zake. Ana afya. Manyoya yanang'aa. Anafanya kazi vizuri, mkulima akaniambia, ingawa mwezi wa kwanza hakula.

Nilikwenda pale nikitumaini nini? Kama angenililia ningeumia, na hakulia, nikaumia. Kwenye basi nilikufikiria wewe na nyanya yako, mnachambua maharage kibarazani, unamjibu kwa maneno ambayo mimi nilishindwa kuyatoa kwako, unacheka, na mimi nimesimama getini na koti langu la Kiingereza. Ninataka iwe hivyo. Ninaogopa iwe hivyo. Yote mawili ni kweli, na sitaki kukuchagulia moja ili nionekane mama mwema.

Unakwenda kwa sababu nafanya kazi usiku na hakuna mtu wa kukuangalia. Ni hilo tu. Niliomba zamu za mchana mara tatu nikanyimwa mara tatu. Nilifikiria kuacha kazi, lakini wewe na mimi tungekula nini. Nilijaribu kujiambia kwamba nakupeleka ili ujue kwenu, ujue lugha, ule chakula kilichoota ardhini, na huenda hayo yote yatatokea. Lakini hayo niliyatunga baadaye. Kwanza ilikuwa ghorofa ya tisa na usiku.

Nitakuja. Sitakutajia mwaka, kwa sababu nimeshakudanganya kuhusu Nell na najua unavyohesabu miezi. Nasomea ukunga, nikifaulu naweza kudai mchana. Ni kazi, si ahadi ya mdomo.

Nimesoma tena niliyoandika. Jua bado lipo juu ya mabati ya kiwanda, huku kwao Julai jua halijui kulala, na nilikupeleka kitandani dirisha likiwa na mwanga. Ninakuandikia jibu ambalo utaliweza baada ya miaka. Uliuliza juzi. Utapanda ndege kesho na swali lako, ukae nalo angani usiku mzima, ushuke nalo, uamke nalo nyumbani kwa nyanya yako, ukija mbio kila akikuita, hutoi sauti, na yeye atawaambia majirani mjukuu wangu ana adabu. Nami nitakuwa nimeridhika kwamba nimeandika barua nzuri.

Hapana.

Nasikia kitanda chako. Hujalala. Naacha kuandika hapa, naja kukwambia kwamba Nell hakuazimwa. Utalia, na huenda usinisamehe kabla ya basi la asubuhi. Nitakwambia alitolewa na hakuwa na kosa lolote, hata moja, na nitakwambia kwa Kiingereza.

Mama yako